Kiwambo Kilichopinda

Droo ilikuwa tupu.

Mlioshika gazeti hili wiki iliyopita mnajua tulimwacha mwalimu Lowell Prather wapi: katikati ya gereji yake, mkono mmoja umeshika droo, mwingine umeshika kichwa. Kitambaa cha bluu alichofungia kiwambo kilikuwepo, kimekunjwa vizuri. Kiwambo chenyewe, kile cha kuzima sauti ya bunduki, kile alichokitengeneza kwa mikono yake na kibali cha serikali juu, hakikuwepo.

Akaivuta droo ikatoka yote. Akaigeuza. Zikaanguka bisibisi, tochi, na pipi ya koo.

"Mzee Grazian," akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa karibu. "Mzee wewe, umefanya nini?"

Alimjuaje mwizi upesi hivyo? Nani mwingine aliyekuwa akikichokoza kiwambo kile? Akatoka mbio mpaka kibanda cha nyuma anapoishi baba mkwe wake, akafungua mlango bila kubisha. Kitanda kimetandikwa. Bunduki haipo ukutani. Na dirishani, ndani ya kikombe cha kahawa, mashine zake mbili za kumsaidia kusikia zimelala kama mbegu za maharage.

Mzee Grazian Goyeneche huziacha mashine zile siku moja tu: siku anayokwenda kuwinda. Husema zinamnong'onezea upepo mpaka anaona kama watu wanamsengenya.

Lowell akazitia mfukoni. Hakurudi ndani kufungua sanduku la chuma wanamofungia bunduki zao yeye na mkewe. Kumbuka hilo, msomaji. Mwenye haraka huona kile anachokitaka tu.

Kwa nini jasho limtoke mtu mzima, mwalimu wa bendi ya shule, asubuhi ya Jumamosi yenye baridi? Kwa sababu kiwambo kile kilikuwa kimepinda.

Kilipinda kidogo sana, unene wa kucha. Wiki tatu nyuma Lowell alikielekeza dirishani akachungulia ndani, na mwanga uliotarajiwa kuja duara kamili ukaja umeliwa upande mmoja. Risasi ikipita humo inaweza kupita salama. Inaweza pia kugonga ukuta wa ndani, na chuma kikachanika mbele ya uso wa mpigaji.

Sasa mtu mwenye akili angekitupa, au angalau angesema. Lowell alikuwa ameshasema mengine.

Alikuwa ameyasema mezani, Jumapili ya kabla yake, mbele ya sahani ya kondoo na maharage, mzee alipomchokoza.

"Hilo sufuria lako litakwisha lini, mwalimu?"

"Limekwisha, mzee. Na si sufuria."

"Limenyooka?"

"Limenyooka kama rula."

"Rula ya shule au rula ya fundi?"

Maite, mkewe, akacheka mpaka akaweka uma chini. "Baba, mwache mume wangu. Amengoja kibali mwaka mzima, amechora jina letu juu ya chuma, na bado unamwita mpika sufuria?"

Mbele ya kicheko kile Lowell angesemaje wiki iliyofuata kwamba rula imepinda? Akasema bado anataka kukipaka rangi. Kisha rangi haijakauka. Kisha skrubu fulani haijafika. Mdomo uliponza kichwa, na sasa ulikuwa unataka kuponza cha mwingine.

Akampigia Maite. Simu ikaita mpaka ikachoka. Hakushangaa, maana Jumamosi Maite huwa zamu hospitalini, na simu za manesi hukaa kabatini.

"Maite, baba yako kachukua kiwambo," akaiambia simu. "Naenda mlimani. Usiogope." Kisha akaongeza, "Ogopa kidogo."

Gari likatoka uani likirusha kokoto.

Njiani masikio yake yalikuwa yanalia. Yalikuwa hayaachi kulia miaka miwili sasa, mlio mwembamba kama wa birika lililosahaulika jikoni. Tarumbeta za watoto mchana, bunduki mwisho wa wiki: daktari alimwambia akiendelea hivyo atafika siku asisikie filimbi ndogo kabisa ya bendi yake. Ndiyo maana alianza kazi ile. Alitaka kuendelea kwenda kulenga shabaha na mkewe bila kuuza masikio yake. Haikuwa ya mauaji, wala ya sinema. Kiwambo hakifanyi bunduki kuwa bubu. Kinaitoa kwenye radi na kuifanya ilie kama mtu anayepiga ubao kwa kiganja.

Na sasa, akipanda mlima na vioo vya gari wazi, alikuwa anautegea sikio mlio aliohangaika mwaka mzima kuuzima.

Upepo. Mlio wa masikio yake. Upepo.

"Labda ameshapiga," akajiambia. "Labda ameshapiga na mimi sikusikia."

Akakanyaga mafuta.

Kwenye geti la msituni gari la kijani lilikuwa limeziba nusu ya njia. Bi Kessler, askari wa wanyamapori, alikuwa ameegemea boneti akinywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Akainua mkono.

"Mwalimu Prather! Shuka nikushitaki. Mwanangu anapuliza ile tarumbeta yako kuanzia anapotoka shule. Mbwa amehama nyumba."

"Atazoea, Bi Kessler."

"Nani, mbwa?"

Lowell akajaribu kucheka. Kikatoka kikohozi. Bi Kessler akamtazama mikono yake kwenye usukani.

"Unatetemeka."

"Baridi."

"Vioo vyako viko wazi. Unatafuta nini huku bila kofia ya chungwa ya wawindaji?"

Hapa ndipo, msomaji, njia ilipogawanyika. Angeweza kusema: nisaidie, baba mkwe wangu yuko juu na chombo kibovu, piga redio, panda na gari lako lenye king'ora. Lakini kiwambo kile kiliandikishwa kwa jina la familia ya Prather, yeye na Maite, alama za vidole na picha. Aliyeandikishwa ndiye anayeruhusiwa kukishika. Mzee aliombwa aingie kwenye karatasi akakataa kata kata. "Vidole vyangu," alisema, "alama zake zitabaki kwenye vidole vyangu. Serikali itafute vyake." Kwa hiyo mzee kukutwa peke yake na kiwambo ni kesi, kesi kubwa ya serikali kuu, na Lowell aliyekiacha kwenye droo isiyo na kufuli angeulizwa yake. Shule haimweki mwalimu mwenye kesi ya aina hiyo.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa zile mashine mbili.

"Nampelekea mzee masikio yake. Kayasahau."

Bi Kessler akacheka. "Grazian huyo! Alinipita asubuhi, nikamsalimia, akaniambia 'asante, nimeshakula.' Gari lake liko mwisho wa njia, kwenye miti yenye majina. Kuna jingine la kuniambia?"

"Hapana."

"Hakika?"

"Hakika, Bi Kessler."

Lowell angeuliza swali moja tu la kweli, angejibiwa la kweli. Hakuuliza. Akapita.

Miti yenye majina ni ile miti myeupe ya mlimani ambayo wachungaji wa zamani waliichora majina yao kwa visu, upweke ukiwazidi. Baba yake mzee Grazian yumo pale, jina lake limetanuka pamoja na gome mpaka limenenepa. Lowell alipokuwa anachora jina la Prather juu ya kiwambo, kama sheria inavyotaka, Maite alimwambia, "Na wewe sasa una mti wako." Alifurahi siku ile. Leo aliyapita majina yale bila kuyatazama, pumzi inakwaruza kifuani.

Gari la mzee lilikuwa limefungwa. Nyayo zilipanda kushoto. Akapanda.

Lazima mjue kitu kimoja kuhusu siku ile ndipo muuelewe uchungu wa mzee. Kibali cha kuwinda dume la elki, yule kulungu mkubwa mwenye pembe kama matawi, hakinunuliwi tu upande ule. Kinapigiwa bahati nasibu. Mzee aliomba kila mwaka tangu Maite ni msichana wa shule, na kila mwaka akarudishiwa pole. Mwaka huu jina likatoka. Mzee mwenye moyo mgonjwa, wa kuishi kwa dawa, hapati bahati hiyo mara mbili.

Lowell akafika kwenye ukingo wa korongo, akamwona.

Mzee alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, kofia ya rangi ya chungwa kichwani, kitu kirefu cheusi kimeegemea usoni. Na chini yake, kwenye majani ya manjano, dume limesimama peupe, linakula kama liko kwa mama yake.

"Mzee!"

Mzee hakutikisika.

"Mzee Grazian! Usipige!"

Masikio ya mzee yalikuwa mfukoni mwa Lowell. Masikio ya dume yalikuwa mahali pake. Likainua kichwa. Lowell akaona pembe zile zikigeuka kumtazama, akajua akipiga kelele nyingine moja dume la maisha ya mzee litakwenda na halitarudi.

Akapiga kelele. Alipiga kwa sauti yote ya mwalimu wa bendi, akaokota jiwe akalirusha, akapunga koti.

Dume likaruka. Likatelemka korongoni kokoto zikimwagika, likavuka kijito, likaanza kupanda upande wa pili.

Hapo mzee akageuka. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye shingo.

"Wewe!" akanguruma, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake. "Wewe mpiga zumari! Nimekukosea nini? Binti nimekupa, kondoo nimekulisha!"

Lowell akamfikia, akapiga magoti, akamwekea mashine viganjani. "Vaa. Vaa kwanza, mzee, ndipo unitukane."

Mzee akavaa huku midomo haijaacha kutukana. Ndipo Lowell akaona kile kitu cheusi alichokuwa amekiegemea. Kilikuwa na miguu mitatu midogo. Ilikuwa darubini.

Bunduki ya mzee ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe, nyuma yake. Mtutu wake haukufungwa kitu.

Lowell akacheka kwa nafuu, machozi yakamtoka. "Hukukifunga. Mungu wangu, hukukifunga. Kiko wapi?"

"Nini?"

"Kiwambo! Kiwambo changu, mzee, ulichokichukua kwenye droo!"

"Mimi?" Mzee akajivuta akakaa. "Mimi nikichukue, ili serikali ije inisalimie? Mimi si mjinga, mwalimu. Anacho mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye jina. Mkeo."

Nafuu yote ikamwagika.

"Maite yuko kazini," Lowell akasema polepole.

"Maite amebadilishana zamu. Tuliomba kibali pamoja, mimi na yeye, jina moja likitoka yanatoka yote mawili. Umesahau? Yule askari wa getini alituona wote wawili, akampungia mkono. Hakukwambia?"

Lowell hakumwuliza.

"Alitaka iwe siri," mzee akaendelea, na sauti ikalainika kidogo. "Amesema, 'Baba, Lowell anaionea haya kazi yake. Rangi, skrubu, leo hivi kesho vile. Nitaangusha dume kwa kiwambo chake, nimpigie picha, aitundike darasani.' Mikono yangu inatetemeka siku hizi, nikampa risasi ya kwanza." Akanyoosha kidole ng'ambo ya korongo. "Yule kule."

Kwenye mawe ya ng'ambo, nukta ndogo ya rangi ya chungwa. Na dume lile lile, lililofukuzwa kwa mayowe na jiwe, linapanda moja kwa moja kuielekea.

Mzee akaliona pia. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto. Akampiga Lowell bega.

"Kumbe! Umemsukumia! Mwalimu, umemsukumia mpaka mdomoni! Nisamehe matusi, mkwe wangu, nisamehe yote isipokuwa la zumari!"

"Kimepinda, mzee."

"Nini?"

"Kiwambo kimepinda! Niliwadanganya na rangi na skrubu. Nilijua, nikaona haya. Akipiga kinaweza kumpasukia usoni."

Mzee Grazian hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Ule wekundu ukamtoka usoni wote, akawa mzee kweli kweli.

"Simu," akasema.

"Hakuna mtandao."

"Piga kelele."

"Upepo unatujia."

Wakasimama wote wawili wakavua makoti wakapunga. Walipunga kama watu wanaozama. Lowell akashika darubini, akamtafuta, akampata: Maite mzima mzima, nywele zimetoka chini ya kofia, shavu juu ya kitako cha bunduki. Na mbele ya mtutu, kifupi, cheusi, kimefungwa vizuri, kiwambo cha familia ya Prather.

Maite akainua kichwa. Amewaona!

"Ametuona, mzee! Punga! Mwambie hapana, hapana!"

Mzee akakata mkono hewani, hapana, hapana. Lowell akapishanisha mikono juu ya kichwa. Kwenye darubini Maite akatabasamu. Akainua mkono wake, akawapungia kwa furaha. Alikuwa amemwona mumewe, akadhani amekuja kumshangilia. Kisha akalaza shavu tena.

"Bunduki yako!" Lowell akalia. "Piga hewani! Dume likikimbia hatapiga!"

"Haina risasi. Nilimwachia yeye ya kwanza, sikutia."

"Ziko wapi?"

"Mfukoni. Upande sijui upi... mfukoni, mfukoni!"

Vidole vya mzee vikaingia mfukoni vikatoka na kitambaa. Vikaingia tena vikatoka na pipi. Lowell akampasua mfuko wenyewe, risasi zikamwagika mwambani zikaviringika. Akadaka moja. Akaisukuma kwenye chemba ya bunduki, ikakwama. Akaivuta, akaisukuma tena, ikaingia.

Dume likasimama ng'ambo, ubavu wazi.

Lowell akainua mtutu mbinguni.

Mlio ukaja kabla hajavuta kifyatulio.

Ulikuja kutoka ng'ambo, ukagonga kuta za korongo ukarudi, ukagonga tena. Ndege wakatoka kwenye miti yenye majina. Mzee akashika masikio yake yenye mashine.

"Ulisema hakilii hivyo," akasema.

"Hakilii hivyo."

Lowell aliujua mlio wa kazi yake, aliungoja mwaka mzima akiusikia kichwani: ubao na kiganja. Huu ulikuwa radi. Ulikuwa mlio wa bunduki isiyofungwa kitu. Labda Maite, dakika ya mwisho, aliona kasoro akakifungua akakiweka kando, maana ni binti wa mchungaji na macho yake makali. Au labda kiwambo kilichanika, hakikuwepo tena mtutuni.

Dume likakunja miguu ya mbele, taratibu, likalala.

Sasa kina Goyeneche wana desturi yao, na Lowell ameiona kwenye picha zote zilizobandikwa kwenye friji la nyumbani. Mnyama akianguka, aliyempiga husimama akavua kofia, akaishika kifuani, kabla hajapiga hatua moja. Mzee alifundishwa na baba yake. Maite alifundishwa na mzee akiwa na meno ya utotoni, na hajawahi kuiacha, hata kwenye mvua.

"Atasimama," mzee akasema. "Ngoja. Sasa hivi atasimama avue kofia."

Lowell aliitafuta darubini, kumbe mguu wake ulikuwa umeiangusha korongoni. Ikabaki nukta tu, ng'ambo ya korongo, rangi ya chungwa juu ya mawe ya kijivu. Masikio yake yalilia kwa nguvu kuliko siku zote.

"Maite!" akaita. "Maite!"

Mzee Grazian akainua mkono. Akavua kofia yake mwenyewe, akaiweka kifuani, akasimama wima mbele ya korongo, kama mzazi anayemkumbusha mtoto adabu mbele ya wageni.

Ng'ambo, kofia ya rangi ya chungwa haikuvuliwa.